Roda, kamba na mzigo: mambo ya kujua kabla hujavuta

Watu wengi wanaofunga roda juu ya kisima hutarajia kwamba ndoo itakuwa nyepesi. Haitakuwa. Lita 20 za maji ni kilo 20, ongeza kilo moja hivi ya ndoo yenyewe, na ukivuta kwa kamba iliyopita kwenye roda moja iliyofungwa juu, mikono yako itabeba kilo zote hizo, na ziada kidogo. Faida unayoipata ni nyingine: unavuta kuelekea chini badala ya kuelekea juu. Uzito wa mwili wako unakusaidia, kiuno hakipindi, na kamba haisugui ukingo wa kisima. Hayo si mambo madogo kwa mtu anayeteka ndoo kumi kila asubuhi. Ila anayedhani uzito umepungua ndiye anayenunua kamba nyembamba na kufunga boriti dhaifu, halafu siku moja kitu kinakatika.

Tuanze na kifaa chenyewe. Roda, ambayo wengi huiita pia kapi, ni gurudumu dogo lenye mfereji kwenye ukingo wake. Kamba hulala ndani ya mfereji huo, gurudumu likazunguka kwenye pini, na kamba ikageuka mwelekeo bila kusuguana sana na kitu. Kazi yake ya msingi ni hiyo tu, kugeuza mwelekeo wa kamba.

Sasa jambo la kwanza la kuelewa ni mkazo. Kamba iliyoshika mzigo inavutwa pande mbili: mzigo unavuta upande wake, wewe unavuta upande wako. Nguvu iliyomo ndani ya kamba, ile inayoifanya ikaze na kunyooka, ndiyo mkazo. Walimu wa fizikia huita nguvu yoyote ya kuvuta au kusukuma kani, na huipima kwa nyutoni. Usihangaike na nyutoni sana. Kitu cha kilo moja kinavutwa na dunia kwa nyutoni 9.8, kwa hiyo ukigawanya nyutoni kwa 10 unapata kilo bila kukosea sana. Hapa nitazungumza kwa kilo, kama tunavyozungumza dukani.

Mkazo unapimika, tena kwa bei nafuu. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano ambayo wauza samaki na wauza nyama huitumia. Kama huna, mwazime jirani mwenye genge. Funga mizani kati ya kamba na ndoo, kisha inua ndoo mpaka ining'inie. Namba unayoiona ndiyo mkazo wa kamba mahali hapo. Ndoo ya kilo 20 ikitulia, mizani itasoma 20. Hamisha mizani uifunge upande wa pili wa roda, karibu na mkono wako: kama roda ni nzuri na inazunguka vizuri, itasoma 20 tena, au karibu sana. Kamba ni moja, na mkazo wake ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale roda inapogoma na kula sehemu yake.

Kuna swali ambalo huwachanganya hata waliosoma. Tuseme umetundika ndoo mbili za kilo 20, moja kila upande wa roda, na mizani umeifunga katikati ya kamba upande mmojawapo. Itasoma ngapi? Wengine husema 40, kwa kuwa ndoo ni mbili. Wengine husema sifuri, kwa kuwa ndoo zimelingana. Jibu ni 20. Ndoo ya upande wa pili inafanya kazi ileile ambayo mkono wako ungeifanya: inazuia kamba isikimbie. Kamba haijui kama imeshikwa na mtu, imefungwa kwenye nguzo, au imening'inizwa ndoo nyingine.

Lakini angalia juu. Boriti iliyobeba roda inavutwa na pande zote mbili za kamba kwa pamoja. Upande mmoja kilo 20, upande wa pili kilo 20: boriti imebeba 40, na uzito wa roda juu yake. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye visima vya nyumbani. Mtu anapima mzigo wake, kilo 20, anatafuta mti wa kubeba kilo 20, na kumbe mti utabebeshwa mara mbili. Fundi anayepandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa roda moja amebebesha jukwaa lake kilo 100 hata kabla hajaanza kuvuta kwa nguvu. Kwa hiyo unapochagua boriti, ndoano au mnyororo wa kutundikia roda, anza hesabu kwa kuzidisha mzigo mara mbili. Hiyo ni ya mzigo uliotulia. Mzigo unaotembea una mambo yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika. Kitu kikitulia hakina mchapuko. Kikienda kwa mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza, hakina mchapuko pia, hata kama kinakwenda mbio. Mchapuko upo pale mwendo unapoongezeka au unapopungua. Abiria wa daladala anaujua vizuri: gari likiwa kwenye mwendo wake anasimama bila shida, lakini likiondoka kituoni kwa ghafla au likifunga breki, lazima ashike bomba.

Kamba nayo inaona hivyohivyo. Rudi kwenye mizani yako na ndoo ya kilo 20. Ukiivuta taratibu kwa mwendo mmoja, mizani itasoma 20, sawasawa na ilipokuwa imetulia. Watu hawaamini hili mpaka walione. Kupanda si sababu ya mkazo kuongezeka. Sababu ni kubadilisha mwendo. Ukiitoa ndoo kwenye utulivu ukaifikisha mwendo wa mita 1 kwa sekunde ndani ya sekunde moja, mizani itapanda hadi 22 kwa muda huo, kisha itarudi 20. Ukiwa na haraka, ukataka kuufikia mwendo huohuo ndani ya sehemu moja ya tano ya sekunde, mizani itaruka hadi 30. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, lakini kamba imebeba nusu ya mzigo zaidi kwa sababu mkono umeshtua. Aliyeiweka kanuni hii kwa hesabu ni Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687: nguvu inayobaki baada ya kuondoa zinazopingana ni sawa na tungamo, yaani wingi wa kitu kwa kilo, mara mchapuko wake.

Kwenye kushusha, mambo hugeuka. Ukiachia kamba ndoo ikaanza kushuka ikiongeza mwendo, mkazo unapungua. Ikichapuka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, mizani itasoma karibu 16. Ukiiachia kabisa, mkazo ni sifuri, na ndoo inaanguka kama jiwe. Mkono unahisi raha. Raha hiyo ndiyo inayodanganya, maana kila kilichoongeza mwendo lazima kisimamishwe, na kusimamisha ni mchapuko wa kuelekea juu. Ndoo inayoshuka kwa mita 3 kwa sekunde ukiisimamisha ndani ya sehemu ya tano ya sekunde, kamba itabeba kama kilo 50.

Na ikianguka kabisa? Tuseme ndoo ya kilo 20 imeponyoka ikaanguka mita 1, kisha kamba ikakaza na kuisimamisha baada ya kujinyoosha sentimita 10. Kwa muda huo mfupi kamba imebeba, kwa wastani, kilo 220. Kilele chake ni kikubwa kuliko hapo. Boriti juu, kama mwisho wa pili wa kamba umefungwa chini kwenye nguzo, imepata mara mbili: kilo 440. Sasa unaelewa kwa nini kamba ambayo imeteka maji miaka miwili bila tatizo hukatika siku moja kwa ndoo ileile. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia faida ya kamba inayonyumbuka. Nailoni hunyooka sana kabla ya kukatika. Ikijinyoosha sentimita 50 badala ya 10, wastani unashuka hadi kilo 60. Waya wa chuma haunyooki karibu hata kidogo, kwa hiyo pamoja na nguvu zake zote haupendi kushtuliwa.

Kama una watoto wa shule nyumbani, au wewe mwenyewe unataka kuona mchapuko kwa macho, kuna jaribio lisilo na gharama. Tafuta roda ndogo, au kigurudumu cha uzi wa cherehani kilichochomekwa kwenye msumari uliopakwa mafuta. Chukua chupa mbili za plastiki za lita 1.5. Jaza moja yote, nyingine ijaze lita 1.2. Zifunge kwenye ncha mbili za uzi imara, upitishe uzi juu ya roda, shika chupa nzito kwenye urefu wa mita 1, kisha achia. Haitaanguka kama kitu kilichoachiwa. Itashuka kwa utaratibu, na nyepesi itapanda kwa mwendo uleule. Roda ikiwa laini kabisa, safari ya mita 1 itachukua sekunde 1.4 hivi. Yako itachukua zaidi kidogo, na tofauti hiyo ni msuguano, yaani ukinzani wa vitu vinavyosuguana. Kigurudumu cha uzi kikikwama kabisa usishangae, ongeza tofauti ya maji kati ya chupa.

Mwingereza George Atwood alieleza kifaa cha namna hii mwaka 1784, na sababu yake ilikuwa ya kiutendaji: kitu kinachoanguka huru kinakwenda mbio mno kukipima vizuri, lakini vitu viwili vinavyokaribia kulingana vikiunganishwa kwa uzi hushuka polepole, ukapata muda wa kuhesabu. Kanuni yake inakumbukika kirahisi. Chukua tofauti ya mizigo miwili, gawanya kwa jumla yake, zidisha kwa 9.8. Kwa chupa zetu: tofauti ni 0.3, jumla ni 2.7, mchapuko ni 1.1 hivi. Mkazo wa uzi wakati huo uko katikati: ni mdogo kuliko uzito wa chupa nzito, ndiyo maana inashuka, na ni mkubwa kuliko uzito wa chupa nyepesi, ndiyo maana inapanda. Ukikokotoa unapata kilo 1.33, kati ya 1.2 na 1.5.

Hapa pana mtego mmoja ambao wanafunzi wa sekondari huangukia karibu kila mtihani. Mzigo wa kilo 10 uko upande mmoja. Upande wa pili, mara ya kwanza unavuta kwa mkono kwa nguvu ya kilo 15. Mara ya pili unatundika jiwe la kilo 15. Je, mzigo utapanda kwa mchapuko uleule? La. Kwa mkono, kamba ina mkazo wa kilo 15 kamili na mzigo unachapuka kwa 4.9. Kwa jiwe, mchapuko ni 1.96 tu, kwa sababu jiwe nalo ni kitu cha kusukumwa. Sehemu ya uzito wake inatumika kujichapusha lenyewe, na mkazo unaobaki kwenye kamba ni kilo 12. Nguvu ya kilo 15 na kitu cha kilo 15 ni mambo mawili tofauti mara tu vitu vinapoanza kutembea.

Turudi kwenye uwanja wa ujenzi, maana kanuni ya Atwood inaumiza watu huko. Saidia fundi mwenye kilo 60 amesimama chini ameshika kamba. Juu, mita 6, kuna pipa la matofali la kilo 70 ambalo wenzake wanamsogezea alishushe. Pipa likitoka kwenye jukwaa, jumla ni 130, tofauti ni 10, mchapuko ni 0.75. Inaonekana ndogo. Lakini pipa linashuka, yeye anapanda, wanakutana njiani, na baada ya sekunde 4 pipa limefika chini na yeye yuko juu kwenye roda, kila mmoja akiwa na mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Ubaya hauishii hapo. Pipa likigonga chini likamwaga matofali, sasa mzito ni yeye, na safari ya kurudi ni ya haraka zaidi. Anachoambiwa kila mtu ni kushika kwa nguvu. Kwa hali hii kushika kwa nguvu ndiko kunakompandisha.

Kwa hiyo kwa roda moja, usishike kwa mikono mzigo unaozidi nusu ya uzito wa mwili wako. Hicho ni kipimo cha tahadhari, na kina nafasi ya kutosha kwa mkono kuchoka na kwa mzigo kushtuka. Kamwe usijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Mzigo ukizidi, tumia nguzo.

Nguzo inatumikaje? Hapa msuguano, ambao tumekuwa tukiulaumu, unakuwa rafiki. Ukipitisha kamba juu ya mti mkavu usio na roda, kamba ikazunguka nusu ya mti, msuguano unaweza kufanya mkazo wa upande mmoja uwe mara mbili na nusu ya upande wa pili. Maana yake, kupandisha ndoo ya kilo 20 juu ya mti kama huo utavuta kilo 50. Ndiyo sababu visima visivyo na roda vinachosha, na ndiyo sababu kamba zake huchakaa upesi. Lakini kuizuia ndoo hiyohiyo isishuke kunahitaji kilo 8 tu. Zungusha kamba mzunguko mmoja kamili kwenye nguzo, na kilo 3 zitashika 20. Mabaharia wanapofunga chombo gatini hufanya hivyohivyo. Basi ukitaka kushusha kitu kizito, chimbia nguzo imara, zungusha kamba mara moja au mbili, na uachilie kidogo kidogo. Asisimame mtu kwenye mstari wa kamba, wala chini ya mzigo.

Je, hakuna namna ya kufanya mzigo uwe mwepesi kweli? Ipo, lakini roda lazima itembee na mzigo. Funga ncha moja ya kamba kwenye boriti juu. Ishushe, ipitishe chini ya roda ambayo mzigo umening'inizwa kwayo, ipandishe tena hadi kwenye roda ya pili iliyofungwa juu, kisha iteremke mkononi mwako. Sasa mzigo umebebwa na nyuzi mbili za kamba, na kila uzi unabeba nusu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 pamoja na roda ya kilo 2 unahitaji kilo 26 mkononi, na msuguano kidogo juu yake. Boriti nayo inapumua: inabeba nyuzi tatu za kilo 26, yaani 78, badala ya ile 100 na zaidi ya roda moja.

Malipo yake ni kamba na muda. Kupandisha mfuko mita 6 utavuta kamba mita 12. Kilo 50 mara mita 6 ni 300. Kilo 25 mara mita 12 ni 300 pia. Kazi haikupungua, imegawanywa ikawa ndefu na laini. Mkono unakwenda kwa mwendo mara mbili ya mzigo, na mchapuko wake ni mara mbili pia, kwa hiyo ukivuta kwa pupa unajikuta unakimbiza kamba huku mfuko unapanda polepole. Mzigo ukishtuka, mshtuko nao unagawanywa kwa nyuzi mbili, jambo ambalo peke yake linatosha kunifanya nipendelee mpango huu kwenye mizigo ya zaidi ya kilo 30.

Ukitaka kuuona mpango huu ukifanya kazi kubwa, nenda ufukweni wakati jahazi linapandisha tanga. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito sana. Kamba nene, henza, hutoka kwenye foromali, hupita juu ya mlingoti na kuteremka nyuma yake, na mwishoni mwake kuna gofia, roda kubwa ya mbao. Kamba nyembamba zaidi, jarari, hupita kati ya gofia hiyo na abedari, roda nyingine iliyo chini, ikarudi tena na tena. Mabaharia huvuta jarari kwa mdundo mmoja, mita nyingi sana za kamba, na foromali hupanda kidogo kidogo.

Usidhani basi kwamba ukiongeza roda bila kikomo utainua nyumba. Kila roda inakula kiasi. Tuseme kila moja inakula sehemu moja ya kumi ya mkazo. Kwa mpango wa nyuzi nne ulitarajia mfuko wa kilo 50 uvutwe kwa kilo 12.5, utauvuta kwa 16. Na kamba ya kuvuta ni mita 24. Kwa kazi za nyumbani na ujenzi mdogo, nyuzi mbili zinatosha, na mzigo ukizidi hapo kodi winchi ya mnyororo ya mafundi wa gereji.

Tuje kwenye ununuzi. Roda zinapatikana kwenye hadiwea yoyote ya mjini. Dar es Salaam, eneo la Gerezani karibu na Kariakoo lina mafundi wa chuma na maduka ya vifaa. Nairobi, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kukuchongea. Bei hutofautiana sana kati ya duka na duka, kwa hiyo uliza sehemu tatu kabla ya kutoa pesa, na usiulize bei tu. Izungushe roda kwa kidole. Nzuri inaendelea kuzunguka baada ya kuiachia. Yenye kukwaruza au kuyumba kwenye pini iache. Yenye beringi ni ghali kuliko yenye pini tupu, lakini kwa kisima cha kila siku gharama hiyo inarudi mikononi mwako. Mfereji uwe mpana kidogo kuliko kamba, usiibane. Kipenyo cha gurudumu kiwe angalau mara nane ya unene wa kamba: kamba ya milimita 12 inataka gurudumu la sentimita 10. Gurudumu dogo mno huipinda kamba kwa ukali na kuivunja nyuzi za ndani, usione kitu kwa nje.

Kamba huuzwa kwa mita au kwa bunda. Kwa kisima ambacho maji yako mita 8 chini na roda iko mita 2 juu ya ardhi, nunua mita 14: 10 za kufika majini, moja ya kushika, na zilizobaki za mafundo na akiba. Kwa jengo la mita 6 na roda ikiwa mita 1.5 juu ya sakafu, roda moja inataka kama mita 18, mpango wa nyuzi mbili unataka 26. Hiyo ndiyo tofauti ya gharama: mita 8 za kamba na roda ya pili.

Unene uwe kiasi gani? Kamba mpya ya katani ya milimita 12, iliyosokotwa vizuri, hukatika karibu na tani moja. Usiitumie kwa tani moja. Itumie kwa sehemu ya kumi, kilo 100, ili mishtuko tuliyoihesabu ipate nafasi. Fundo nalo linaweza kupunguza nguvu ya kamba hadi karibu nusu, kwa hiyo hesabu kilo 50. Mfuko mmoja wa saruji, basi, na si miwili. Katani huoza ikikaa na unyevu; ianike baada ya kazi. Kamba ya plastiki haiozi ila jua huila, ikaanza kutoa unga mweupe na kukatika nyuzi nyuzi. Ikifika hapo ibaki ya kuanikia nguo. Nailoni ni bora kwa mishtuko na ni ghali zaidi.

Ukishafunga kila kitu, jaribu kabla ya kuamini. Tundika mzigo mara mbili ya ule utakaoutumia, sentimita chache tu juu ya ardhi, uache kwa nusu saa huku ukiangalia boriti kama inapinda na mafundo kama yanateleza. Kisha anza kazi: vuta mpaka kamba ikaze, tulia kidogo, ndipo uinue. Unapokaribia juu, punguza mwendo mapema. Tia grisi kwenye pini kila mwezi, ukague kamba yote kwa vidole, hasa ile mita inayokaa kwenye roda muda mrefu, na mtu yeyote akikuomba umshushe kisimani kwa roda hii, mkatalie.